Samaki Aliyekuja Bila Tumbo

Mjomba alikishika kile kipande kwa ncha za vidole, akakigeuza upande wa ngozi, akakigeuza tena upande wa nyama. Akakinusa. Sebule nzima ilikuwa ikimtazama, kwa kuwa kwetu samaki haingii jikoni mpaka mjomba ampitishe.

Ilikuwa Idi Pili. Kaka yangu, ambaye ni mpishi katika hoteli moja ya ufuoni, alikuwa ametuletea vipande viwili vya samoni, vimefungwa kwa nailoni, vigumu kama mawe ya barafu. Kimoja tulikiyeyusha, cha pili akakirudisha kwenye friza yake. Nyama ilikuwa na rangi ya papai lililoiva.

"Tumbo lake li wapi?" mjomba akauliza.

Kaka akamweleza kuwa samaki huyu huja hivyo hivyo, ameshakatwa, hana kichwa wala matumbo.

"Sasa yuwala nini?"

Hakuna aliyejibu. Mama alikichukua akakitia ndimu, chumvi na pilipili, akakiweka juu ya makaa, akakipaka tui zito. Mafuta yalidondoka hata moto ukaruka. Tulikula, tukasifu, sahani zikaondolewa. Mjomba alionja matonge mawili, akanawa mikono, akasema, "Kitamu. Lakini simjui."

Neno hilo nimekaa nalo wiki saba.

Njoo usome

Mjomba amevua kutoka Mtongwe kwa zaidi ya miaka arobaini, kwa mshipi na kwa malema, mitego ya kusukwa kwa fito. Magoti yamemchosha, lakini bado ana malema mawili anayoyatega maji ya karibu, pale ambapo kusi haliwezi kumsumbua sana.

Kwake yeye, kumjua samaki ni kulijua tumbo lake. Nilipokuwa mdogo, siku akija na kitoweo aliniita kabla kisu hakijaingia. "Njoo usome." Nasi tulisoma. Tumbo la tasi ni mwani mtupu, umesagika, una harufu kali, ndiyo maana asipopasuliwa upesi nyama yake huingia uchungu. Changu ana vipande vya kaa na magamba ya konokono. Pono ana unga mweupe wa matumbawe, na ni mjomba aliyenionyesha kuwa mchanga tunaoukanyaga ufuoni mwingine umepitia humo. Kolekole ana dagaa wazima wazima, wamelala kama waliopangwa na mtu.

Kwenye tumbo ndiko alikojua chambo cha kesho, saa ya kutoka, na kina cha kushusha mshipi. Ukimtajia jina la samaki peke yake umemwambia nusu ya habari.

Kwa hiyo hakuwa akikataa chakula cha kigeni siku ile. Alikuwa akisema jambo la kweli kabisa. Tulikaa watu tisa tukamla kiumbe ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyejua anaishije.

Nikaamua kumsoma mimi.

Rangi anayoila

Nilianza kwa kosa. Nilidhani wekundu ule ni wa damu, kama wa jodari. Jodari ni mwekundu kwa sababu misuli yake imeumbwa ishike oksijeni nyingi kwa ajili ya mbio zake zisizokoma. Samoni sivyo. Rangi yake ameila.

Samoni wako wa aina kadhaa, nami nilimfuata yule mwenye nyama nyekundu kuliko wenzake wote. Wamarekani na Wakanada humwita sockeye. Hapa nitamwita samoni mwekundu. Makazi yake ni kaskazini mwa Bahari ya Pasifiki, kuanzia mito ya Marekani na Kanada mpaka Kamchatka upande wa Urusi. Mkubwa wake hufika kilo mbili au tatu hivi. Kwa umbo lile ningeweza kuapa kuwa anawala samaki wenzake.

Hula, lakini si hasa.

Chakula chake kikubwa baharini ni jamii ya uduvi. Siyo uduvi wetu huu wa kukaanga na vitunguu, bali ndugu zake wa bahari ya baridi: krili, na wadogo kuliko hao waitwao kopepodi. Hula pia konokono wadogo wanaoogelea kwa vijibawa. Akikutana na ngisi wachanga au vidagaa atawameza, lakini shibe yake iko kwa hawa wadogo wanaoelea.

Ukimfungua shavu utaona jinsi alivyoumbiwa kazi hiyo. Kwenye upinde wa kwanza wa shavu ana vijiti vyembamba virefu vilivyosongamana kama meno ya kitana, kati ya 28 na 40. Maji yanapita, uduvi unabaki. Jamaa yake mkubwa, chinook, ambaye anawinda samaki, ana vijiti vichache zaidi, vifupi, vimekaa mbalimbali. Ni tofauti ya kifumio cha wavu wa dagaa na cha jarife la papa.

Sasa njoo jikoni kwako. Mchukue kamba mbichi, mtazame: kijivu, pengine buluu kidogo. Mtie kwenye sufuria. Kabla hujageuka amekuwa mwekundu. Ile rangi haikuletwa na moto. Ilikuwemo tangu mwanzo, imefungwa ndani ya protini, moto ukaifungua. Jina lake ni astaksanthini. Hutengenezwa na mwani mdogo usioonekana kwa jicho. Mwani unaliwa na kopepodi na krili, nao wanaliwa na samoni, na samoni anaiweka rangi kwenye nyama. Heroe wa Ziwa Bogoria nao hupata wekundu wao kwa chakula, kwa njia inayofanana na hiyo.

Miaka yote nimechemsha kamba bila kuuliza rangi inatoka wapi. Hilo liliniuma kidogo, kwa mtu aliyefundishwa kusoma matumbo.

Kuna jambo jingine lililonishika usiku mzima. Baharini kule samoni mwekundu ana mshindani, samoni wa waridi, ambaye ni mdogo na anaishi miaka miwili tu. Kwa sababu ya mzunguko huo, samoni wa waridi huwa wengi mno katika miaka ya witiri. Watafiti waliposoma magamba ya samoni wekundu, maana gamba la samaki lina duara za ukuaji kama gogo la mti, walikuta kuwa katika miaka ya witiri wamekua kidogo zaidi. Chakula kilikuwa kimewahiwa. Bahari pana vile, na bado kuna siku sahani haitoshi.

Swali la ndoana

Ijumaa moja nikavuka kwa feri ya Likoni nikaenda kumweleza. Nilimkuta barazani akisuka lema. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikakaa chini nikamwaga yote: uduvi, kitana cha shavuni, rangi.

Alifurahi. Aliweka fito chini. "Kumbe ni mla uduvi!" Kisha akanyamaza, nikaona swali linakuja.

"Basi huvuliwaje? Uduvi hautiwi kwenye ndoana."

Nikamwambia wengi huvuliwa kwa jarife, wakati wanarudi kutoka baharini kwenda mitoni kuzaa. Ghuba ya Bristol huko Alaska ndiyo kubwa kwa samaki huyu. Mwaka 2022 walirudi takriban milioni 79. Jarife analijua vizuri, akatikisa kichwa.

"Na wakiwa ndani ya mto?"

Hapo ndipo penyewe. Ndani ya mto hawali.

Nilipolisoma jambo hili mara ya kwanza nilidhani nimefasiri vibaya, nikarudia. Samoni mwekundu anapokaribia mto wake huacha kula. Tumbo na utumbo husinyaa. Kuanzia hapo anaishi kwa mafuta aliyoyaweka baharini, na mafuta yakipungua anaila misuli yake mwenyewe. Ile rangi aliyoikusanya miaka miwili mitatu nayo inahama: inatoka kwenye nyama, inakwenda kwenye ngozi na kwenye mayai. Mwili unakuwa mwekundu kwa nje, kichwa kijani, na ndani nyama inapauka.

Wako wanaozaa karibu na bahari. Lakini wako wanaokwenda Ziwa Redfish katika jimbo la Idaho, Marekani. Safari ni kama kilomita 1,450 kwa Mto Columbia, kisha Snake, kisha Salmon, na ziwa liko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapa Mombasa hadi Nairobi kwa barabara ni kama kilomita 480. Huyu anakwenda mwendo huo mara tatu, dhidi ya mkondo, anapanda juu kuliko Nairobi, na hajatia kitu kinywani. Mwaka 1992 waliofika Redfish walihesabiwa. Alifika mmoja tu, dume.

Mjomba alikaa kimya muda mrefu.

"Wamtiaje ndoana asiyekula?" aliuliza hatimaye. Kwa mvuvi hilo ndilo fumbo lenyewe: chambo ni ahadi ya chakula, na huyu hataki chakula.

Nikamweleza nilichokipata. Katika mito ya Alaska wengi hawamdanganyi kwa chambo. Samaki anapambana na mkondo huku kinywa akikifungua na kukifunga. Mvuvi anaachia uzi upite na maji, unaingia kinywani kwa upande mmoja na kutokea wa pili, ukivutwa ndoana inamnasa ukingo wa mdomo kwa nje.

"Hapo hajavuliwa," mjomba akasema. "Amekwama."

Sijui kama wavuvi wa Alaska wangekubaliana naye. Mimi nilikubaliana.

Magharibi na alfajiri

Kabla sijaondoka akaniuliza la watoto. Nilikuwa nimejiandaa, kwa sababu ndilo lililonipendeza kuliko yote.

Samoni mwekundu, tofauti na jamaa zake wengi, hulelewa ziwani. Akianguliwa kwenye changarawe huishi kwanza kwa kiini cha yai kilichoning'inia tumboni mwake. Kikiisha huingia ziwani, hukaa mwaka mmoja au miwili, na hapo mlo wake ni dafnia, ndugu wengine wadogo wa uduvi, na kopepodi wa maji yasiyo na chumvi, na vijidudu kama mbu wasiouma wanapotoka majini. Mchana hushuka kina kirefu kwenye giza. Magharibi hupanda juu kula, na alfajiri tena. Ni saa ambazo mwanga unatosha kumwona kopepodi lakini hautoshi yeye kuonwa vizuri na samaki wakubwa. Anakula ndani ya upenyo huo mwembamba, kisha anashuka.

"Saa zangu hizo," mjomba akasema. Na ni kweli. Maisha yake yote ametoka na kurudi kwa saa hizo.

Na wale dafnia wanakula nini? Mwani wa ziwani. Na mwani? Hapa ndipo wazazi wanaporudi. Samoni mwekundu akishazaa hufa. Maelfu huozea ziwani na kandokando ya mito, na nitrojeni waliyoila baharini inaingia majini, inakuza mwani, mwani unakuza dafnia, dafnia anamlisha mtoto. Nitrojeni ya baharini ina alama yake, na wataalamu wameikuta mpaka kwenye miti iliyo kando ya mito hiyo. Kuna maziwa Kanada na Alaska ambayo watu wameyatia mbolea ili kuziba pengo la samaki waliopungua.

Mzazi na mtoto hawaonani kamwe. Lakini mtoto amelishwa.

Nilipanda feri jioni ile nikiwa mwepesi, naona nimelipa deni.

Kibandiko

Siku nne baadaye kaka alinitumia picha. Nilikuwa nimemwomba zamani, akasahau, sasa alikuwa akipanga friza yake akakiona kile kipande cha pili. Picha ilikuwa ya kibandiko kilichoko upande wa nyuma wa nailoni.

Salmo salar. Amefugwa. Norwei.

Nilikisoma nikiwa kwenye matatu, Buxton, nikakisoma tena nilipofika nyumbani. Huyu si samoni mwekundu. Si wa bahari ile. Ni samoni wa Atlantiki, na huyu wa kwetu hajawahi kukimbiza krili hata mmoja. Alikulia ndani ya kizimba cha wavu, akilishwa tembe zilizosindikwa kwa soya, mafuta na unga wa samaki wengine, ambao sehemu yake hutokana na vidagaa kama anchoveta wa Peru. Na ile rangi ya papai? Astaksanthini, ndiyo, ileile, lakini imetiwa ndani ya tembe, na mara nyingi imetengenezwa kiwandani. Bila kutiwa, nyama yake ingekuwa ya kijivujivu na mnunuzi angekataa. Wafugaji wana kadi za rangi za kulinganishia nyama, kama zile za duka la rangi za nyumba.

Hadithi niliyompa mjomba ilikuwa ya kweli yote. Lakini ilikuwa ya samaki mwingine.

Nilijiuliza kama kuna haja ya kumwambia. Alikuwa amefurahi. Ana miaka sabini na tatu, na samoni hatamla tena labda. Nani ataumia? Nilizunguka na swali hilo siku mbili, na kila nilipotaka kuliacha nilimwona akishika kile kipande kwa ncha za vidole. Yeye hakuniuliza habari za samaki mzuri. Aliniuliza habari za samaki yule.

Sina ugomvi na ufugaji wa samaki. Hapa pwani yetu watu wanafuga mwatiko mabwawani, na mwatiko wa bwawa nimemla na nitamla. Lakini mfugaji wa mwatiko ukimuuliza anamlisha nini atakupeleka bwawani ukaone. Kinachonisumbua ni kipande kinachovuka bahari mbili kikiwa kimefutwa kila kitu ambacho kingeweza kusomwa: kichwa, shavu, tumbo. Kinachobaki ni rangi, na rangi yenyewe imechaguliwa kwa ajili ya jicho langu.

Ngozi

Nikavuka tena. Safari hii nilibeba kile kipande cha pili, kwa ruhusa ya kaka, kwenye kikapu chenye barafu. Nilimwambia mjomba yote kabla hata chai haijaja: kizimba, tembe, kadi za rangi, na kwamba nilimkosea.

Hakukasirika. Aliuliza maswali mawili matatu kuhusu kizimba, ukubwa wake, mikondo inapita vipi. Kisha akasema, "Basi alikuwa kiumbe wa kulishwa. Sasa namjua kidogo."

Akaomba kisu. Nyama akampa mkewe aipike, ngozi akaikata vipande virefu, akavifunga ndani ya lema pamoja na vipande vya ngisi. Tukalishusha jioni, mimi nikishika kamba, yeye akielekeza kutoka juu ya mwamba.

Nililala hapo. Asubuhi, maji yalipotoa, mpwa wake wa upande wa mke akaingia akalivuta. Mlikuwa na chaa wawili na tewa mmoja wa kadiri ya kiganja na nusu.

Mjomba akamweka tewa juu ya jiwe. Aliparua kwanza, taratibu, kama afanyavyo siku zote. Kisha akanitazama.

"Njoo usome."

Kulikuwa na kaa mdogo, amevunjika gamba. Kulikuwa na mikia miwili ya kamba. Na kulikuwa na utepe wa ngozi ya samoni, umejikunja, magamba yake ya fedha bado yanang'aa. Mjomba aliunyoosha kwa ubapa wa kisu, akauacha pale juu ya jiwe, akaangalia kwa muda.

Akaenda ukingoni kuosha mikono.

"Wale vidagaa wa Peru," akaniuliza huku amenipa mgongo, "wanaosagwa kutiwa kwenye tembe. Wao wala nini?"

Nilimwambia nitakuja Ijumaa.